Mlima wa Chunya tuupange kuanzia kileleni

Kwenye kikundi chetu cha baiskeli cha Jumamosi hapa Dar, mjadala wa mwezi huu ni mmoja tu: nani ataweza kupanda mlima wa Mbeya kwenda Chunya. Kila tukisimama Kisarawe kunywa maji, mazungumzo ni miguu, gia, uzito wa baiskeli, nani anafanya mazoezi na nani anategea. Mimi naona tumeshika mkia tukakiacha kichwa. Safari ya mlimani inapangwa kuanzia kileleni: tutashukaje, saa ngapi, na mikono yetu itakuwa na hali gani. Habari ya kupanda ije baadaye.

Nimelijua hili kwenye barabara ya Lushoto. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda kutoka Mombo, kilomita 33 hivi, mwinuko wa karibu mita 1,000. Nilipanda vizuri. Nikafika nimelowa jasho, nikakaa kula chipsi mayai kwenye baridi ya Julai na fulana ile ile mbichi, nikijiona kazi imekwisha. Wakati wa kurudi, chini ya Soni, pale barabara inapobanwa kati ya mwamba na korongo, nilibana breki kabla ya kona na baiskeli haikupunguza mwendo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, sikujua kama nabana au nimeshikilia tu. Harufu ya mpira unaoungua ikanipanda puani. Coaster ilikuwa inakuja upande wa pili. Nikaielekeza baiskeli kwenye mtaro wa upande wa mwamba, nikasimama kwa kiatu na bega. Nilipolowesha kidole kwa mate nikagusa rimu, mate yakalia "tsss" kama kwenye pasi.

Niliporudi Dar fundi wangu wa Magomeni alichomoa raba za breki, akazikwaruza kwa ncha ya bisibisi. Haikuacha hata alama. "Kaka," akaniambia, "hizi zimeshakuwa kigae." Kwenye barabara zetu tambarare za huku raba hizo zingenibeba mwaka mzima bila mimi kujua.

Sasa Chunya ni habari kubwa zaidi. Jiji la Mbeya peke yake liko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na barabara inaanza kupanda karibu mara tu unapouacha mji, inapita msitu wa Kawetire, inavuka mita 2,000 na bado inaendelea kupanda kabla ya kumwagikia upande wa pili. Ndiyo njia ya kwenda kwenye dhahabu ya Lupa iliyowavuta watu wengi miaka ya 1930, na hadi leo malori hupita. Sisi tunatoka usawa wa bahari. Kwenye mita 2,000 kila pumzi inakuja na oksijeni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na ile tunayovuta Coco Beach. Mtu atakayeshuka kwenye basi usiku na kupanda mlima asubuhi yake atajilaumu bure kwamba hakufanya mazoezi. Tulale Mbeya usiku mbili kwanza, tuzungushe miguu taratibu mjini, tunywe maji hata kama baridi inatudanganya hatuna kiu.

Saa ya kuondoka nayo nitaitetea hata nikibaki peke yangu. Huku tumezoea kutoka saa 11 alfajiri kukimbia jua na foleni. Kule, saa 11 ni giza, ni baridi kali, na ukungu ukitanda dereva wa lori hakuoni. Tuondoke saa 2. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida akipanda mita 500 kwa saa amefanya kazi nzuri, kwa hiyo kabla ya saa 5 tutakuwa juu, na mteremko tutaukuta mkavu na wenye mwanga. Atakayekuwa bado yuko chini sana ifikapo saa 4 na nusu ageuze, bila kubembelezwa wala kuzomewa.

Kuna wenzangu wanataka kwenda Chunya na kurudi Mbeya siku hiyo hiyo. Wanasema kurudi kwa gari ni kukwepa. Siwezi kukubaliana nao. Ukishamaliza mteremko wa upande wa Chunya, ule mlima bado unakusubiri nyuma, na safari hii utaukuta mchana, miguu imeisha, na ukiuvuka mteremko wa mwisho utaushuka jioni na mikono iliyochoka. Hapo ndipo mtu anapokosea kona. Tushuke mara moja, kwa akili timamu, tulale Chunya, kesho yake baiskeli zipande juu ya gari.

Mazoezi ya kupanda tunaweza kuyapata hapa hapa. Mlima wa Kisarawe ni mfupi lakini ukiurudia mara sita bila kupumzika utakuheshimisha, na upepo wa mbele wa barabara ya Bagamoyo ni kilima kisichoonekana: gia nzito, dakika 40, bila kujificha nyuma ya mwenzako. Kushuka ndiko hatuna pa kujifunzia, kwa hiyo angalau tulifanyie kazi hili la breki. Bana kabla ya kona, achia, bana tena, usizikalie mteremko mzima. Na raba mpya kwa kila mtu. Nitazikagua mwenyewe kwa bisibisi.

Jana nilikwenda Karume kutafuta koti la upepo na glovu za vidole vizima. Jua la saa 7, jasho linanitiririka mgongoni, na muuza mitumba ananiangalia nikizijaribu glovu za sufu moja baada ya nyingine, nikikunja vidole kama nashika breki ya hewani. Jozi ya tatu ilinikaa. Nikanunua na gazeti la siku hiyo njiani. Nitalikunja mfuko wa nyuma hadi kileleni, nilitie kifuani chini ya koti kukinga upepo, kama waendesha baiskeli wa Tour de France walivyokuwa wakifanya kwa miaka mingi kila kabla ya kushuka mlima.