Baka jeupe mdomoni: likatwe au liangaliwe tu?

Huu ubishi ni wa siku nyingi. Mtu kakutwa na baka jeupe ndani ya mdomo, halifutiki, na sababu nyingine ya kulieleza haipo (madaktari wanaliita lukoplakia). Sasa likatwe mapema, au kulikata ni kuhangaika na dalili wakati ugonjwa umeshasambaa kwenye utando wa mdomo?

Wanaotaka likatwe wana hoja nzito. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za mdomo zinaanzia kwenye seli bapa za ule utando laini wa ndani, na haziibuki ghafla. Kawaida seli zinazaliwa safu ya chini, zinapanda juu huku zinakomaa, zinapukutika, wiki mbili hivi utando umeshakuwa mpya. Moshi wa tumbaku, ugoro, popoo, pombe ambayo humohumo mdomoni inageuka asetaldehaidi (kemikali yenye sumu), vyote vinaharibu DNA ya zile seli za chini, na jeni ya TP53 ambayo kazi yake ni kusimamisha seli iliyoharibika ikishaharibika yenyewe basi seli inagawanyika tu bila wa kuizuia. Chini ya hadubini unaona kabisa: viini vikubwa vimekoza rangi, seli zinagawanyika huko juu ambako zilitakiwa ziwe zinazeeka. Vurugu hii ya seli inaitwa displasia: ikiishia theluthi ya chini ni displasia ndogo, ikikaribia kujaa unene wote ni kali, ila bado haijavuka utando wa msingi, ule mpaka mwembamba ulio chini ya seli hizo. Ikivuka ndo saratani yenyewe, inatafuta mitoki ya shingoni. Sasa kama njia inajulikana, kwanini usiikate katikati?



Upande wa pili wanarudi 1953, Marekani, Slaughter na wenzake walichunguza wagonjwa 783 wa saratani hii wakakuta hata utando wa pembeni ya uvimbe, ambao kwa macho uko safi, una seli zisizo za kawaida. Baadaye vipimo vya jeni vikaonyesha eneo kubwa linaweza kuwa ukoo mmoja wa seli zenye hitilafu ileile, zimetambaa taratibu zikazisukuma zile nzima. Kukata baka hapo ni kung'oa gugu moja shamba zima lina mbegu. Na kweli mabaka yanarudi, wengine saratani inatokea sehemu nyingine kabisa, alafu mengi hayageuki saratani maisha yote, yaani unakata watu kibao bure.

Mimi naona hawa wa pili wanaeleza vizuri zaidi kwanini ugonjwa unarudi, ila hoja yao ikigeuzwa kisingizio cha kusubiri inaua watu. Baka likitolewa lote linapimwa lote, na kuna wakati humo ndani inakutwa saratani ambayo kile kipande kidogo kilichochukuliwa kwanza kupimwa hakikuidaka. Tena mabaka hayalingani. Jekundu, eritroplakia, ni nadra ila likipimwa mara nyingi linakutwa tayari na displasia kali au saratani, na chini ya ulimi au ubavuni mwake pana hatari kuliko shavuni. Displasia kali kata, sioni cha kubishana. Ndogo, shavuni, kwa mvutaji, hapo aache tumbaku kwanza na arudi kuangaliwa, maana mengine yanafifia yenyewe akishaacha. Kinachoniudhi ni mtu kukatwa, kuambiwa umepona, akaendelea kuvuta na kunywa kwa pamoja, wakati hivyo viwili vikikutana hatari inazidishana, na hakuna anayemwangalia tena mdomo mzima.

Ubishi wa kweli umebaki kwenye displasia ya kati. Wapatholojia wawili (madaktari wanaopima vipande kwa hadubini) wanaweza kutazama kipande kilekile mmoja akaandika ndogo mwingine akaandika ya kati, na mgonjwa anakatwa au hakatwi kutegemea faili lake limeangukia meza ya nani.