Breakfast ya saa kumi na mbili jioni

Ramadhani iliyopita ofisi moja ninayofanya nayo kazi ilituma mwaliko kwa Kiingereza: wote karibuni "breakfast", Ijumaa, ukumbini. Saa haikuandikwa. Mzee mmoja wa uhasibu, Mkristo, akatinga saa moja asubuhi, shati limepigwa pasi, akamkuta mlinzi na viti vingali vimepandana. Sisi tuliofunga tukafika jua linazama. Alicheka yeye kwanza: "Mimi nilishafungua kinywa, nyie bado?"

Kosa lilikuwa la nafasi moja tu kati ya herufi. Tenga "break" na "fast", unapata kufungua saumu, saa yoyote iwayo. Yaunganishe, ni mlo wa asubuhi basi. Wenyewe wameyaunganisha tangu karne ya 15, na siku hizi hata hiyo "break" haitamkwi kama ikiwa peke yake, ndiyo maana wengi hawasikii tena kuwa kuna mfungo unaovunjwa. Wafaransa yamewakuta makubwa zaidi: "déjeuner" yao, yenye maana hiyohiyo ya kuvunja mfungo, imehamia mchana, ikabidi ile ya asubuhi waiite "petit déjeuner", ndogo.

Kwetu mtego huo upo pia. Kifungua kinywa hasa, ukifikiri, ni ile tende ya magharibi. Staftahi nayo, tuliyoitoa kwenye Kiarabu, ina kufungua ndani yake. Kilichotuokoa ni kwamba tuna futari, na daku, kila kimoja na saa yake. Kwa hiyo anayeandika "breakfast" kwa watu waliofunga ameacha neno safi nyumbani akaenda kuazima lenye utata.

Ila nami nisijifanye. Nyumbani nani anasema kifungua kinywa? Hilo ni la vitabuni na la mahotelini, sawa na kiamshakinywa cha magazeti ya Kenya. Mama yangu huuliza, "Umekunywa chai?" na mezani pana uji wa pilipili manga, birika halijateremshwa hata kabatini. Dar es Salaam supu na chapati ni chai. Mombasa mahamri kwa mbaazi za nazi ni chai. (Chai ya barabarani, ile ya kutolewa dirishani, ni habari nyingine.) Hilo ndilo neno letu, na sioni aibu yoyote likiandikwa kwenye menyu.

Mwaka huu mwaliko umekuja kwa Kiswahili: futari, saa 12:30 jioni.