Upasuaji 'kwa mafanikio makubwa'. Halafu?

Jumatano asubuhi nilikuwa kwenye mwendokasi kutoka Kimara, nimebanwa mpaka pua inawasha na mkono haufiki. Kwenye kundi la ukoo mtu akatupia picha: madaktari wamepanga mstari, mbele yao bango, chini maelezo kwamba wagonjwa wamefanyiwa upasuaji wa moyo kwa mafanikio makubwa. Makofi yakamiminika. Shangazi akashusha dua ndefu. Hata sijafika Kivukoni, mtoto wa dada yangu akapiga: "Mamdogo, shikamoo. Vitendanishi vya kupima damu vimeisha, wamesema nirudi wiki ijayo."

Huyu binti ana miaka 22. Alibadilishwa valvu, yaani kimlango cha moyo kinachopitisha damu, akiwa na 16, hapahapa Dar. Ukilala naye chumba kimoja, usiku unasikia kifua kinagonga taratibu kama saa ya ukutani. Ni valvu ya chuma. Kila jioni anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na atameza maisha yake yote. Damu ikiwa nzito, inaganda kwenye valvu, au bonge linapanda kichwani na mtu anapooza. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, inavuja. Kipimo cha damu kiitwacho INR ndicho kinachosema yuko wapi: namba ikishuka damu ni nzito, ikipanda ni nyepesi, na kwa valvu yake anatakiwa asome kati ya 2.5 na 3.5. Sasa arudi wiki ijayo, kwani moyo nao umeambiwa usubiri?

Najua mtanirukia, basi niseme kabisa. Kabla ya 2008 upasuaji wa kufungua kifua na kusimamisha moyo ulikuwa haufanyiki nchini. Ilikuwa rufaa ya India, au unakaa nyumbani unamngoja Mungu. Leo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo pale Muhimbili, watoto wanazibwa matundu ya moyo, wazee wanawekewa betri ya kuendesha mapigo, na dada yangu hakuuza kiwanja ili aende Chennai. Nashukuru. Nimeshashukuru.

Ninachogombana nacho ni hilo neno "mafanikio". Mafanikio ya lini? Mgonjwa akitoka ICU anatembea, kamera zinawaka, yanahesabiwa hapo hapo. Mwaka wa tatu je? Nani anajua ni wangapi walipooza kwa sababu kipimo hakikuwapo wilayani kwao? Wangapi waliacha dawa msimu mazao yalipokataa? Hao hawana bango. Anayekufa Nachingwea miezi 18 baada ya kuruhusiwa, kwenye habari bado ni mgonjwa aliyefanyiwa kwa mafanikio makubwa.

Uingereza walijifunza hili kwa machozi. Watoto walikufa kuliko ilivyotarajiwa baada ya upasuaji wa moyo pale Bristol, tume ikaundwa, ripoti ikatoka 2001, na miaka michache baadaye takwimu za vifo za wapasuaji wa moyo zikawekwa hadharani. Wapo wanaosema ukifanya hivyo madaktari watawakwepa wagonjwa mahututi ili wasichafue hesabu zao. Hoja ina uzito. Kidogo.

Tena binti ameposwa. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na ukiikatiza kienyeji valvu inaganda. Ujauzito wake lazima upangwe na daktari wa moyo na wa uzazi wakiwa meza moja. Unadhani tuliambiwa hayo siku ya kuchagua valvu? Kwamba ipo ya tishu ya mnyama, isiyomfunga mtu kwenye wafarini maisha, ila kwa kijana huchakaa mapema na kifua hufunguliwa tena? Labda jibu lingekuwa chuma vilevile. Lakini dada yangu alisaini karatasi huku analia, na mambo ya mimba tumeyasikia mwaka huu, kwa nesi, kwenye korido.

(Na mchicha! Aliambiwa asiguse mboga za majani. Bibi yake wa Muheza nusura azimie: mtoto ale nini sasa, mawe? Miaka miwili binti anatazama kisamvu kwa macho. Kumbe shida ni kula kwa kushtukiza, wiki nzima hujagusa, kisha sinia zima la matembele, maana vitamini K inapingana na dawa. Ukila kiasi kilekile siku zote, dawa inapangwa kufuata chakula chako.)

Yote haya yalianzia kooni, mafindofindo ya utotoni ambayo yasipotibiwa yanaweza kuishia kuharibu valvu za moyo, na ambayo penisilini ingeyamaliza. Hilo nitaligombea siku nyingine.

Mchana tulikwenda maabara ya kulipia Kariakoo. Jibu: 1.7. Daktari wake, Mungu ampe maisha, alipokea simu yetu, akaongeza dozi na kutaka kipimo kingine Ijumaa. Binti akauliza tukilipie wapi. Nikamwambia tutarudi palepale, hela ya kicheni party naiweka pembeni.