Sahani ya mama ilikuja ya mwisho

Tulikuwa watu 7 mezani, sahani zikaja 6. Iliyokosekana ni ya mama, na mama ndo alikuwa mwenye siku yake, anatimiza miaka 60, ndo maana tukamtoa nyumbani tukamwambia leo hushiki mwiko. Basi wengine tumekaa na chakula mbele yetu kinapoa tunamtazama yeye, yeye anatutazama sisi anasema kuleni wanangu, sisi tunasema hatuli mpaka chako kije, mtoto wa dada ana miaka 4 hajui hayo mambo ya adabu keshaanza kutafuna zamani, na mhudumu anapita pembeni yetu kama hatupo, akiitwa anasema "nakuja" halafu haji.

Dakika 25. Nilihesabu maana sikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Na sahani ilipokuja ilikuwa samaki, wakati mama aliagiza kuku. Mama akasema hata samaki sio mbaya. Mama angu huyo, ungemletea kiatu angesema sio kibaya.

Najua kuna mtu atasema sasa hicho nacho kitu cha kuandikia, oda imechelewa basi, mbona yanatokea. Ni kweli yanatokea, na ndo yanaponiuma, maana yanatokea kila siku na tumeshayazoea. Mimi naona hivi, familia haiendi mgahawani kufuata chakula. Chakula nyumbani kipo na mara nyingi ni kitamu kuliko hicho. Tunachofuata ni ile kukaa wote kwa pamoja, hakuna anayenyanyuka kwenda kuangalia sufuria, hakuna anayekula amesimama mlangoni mwa jikoni, wote tunaanza na wote tunamaliza. Sasa ukiniletea sahani moja leo nyingine kesho, hata mpishi wako awe fundi namna gani, umeniuzia kitu kingine kabisa. Mmoja anakula huku anatazamwa, mwingine anatazama wenzake wanakula. Hapo mnakula kwa zamu kama walinzi.

Nilimuuliza jamaa yangu mmoja aliyewahi kufanya kazi jikoni kwenye migahawa, hivi inakuwaje watu wameagiza pamoja kwa mtu mmoja kwenye karatasi moja, chakula kinatoka vipande vipande? Akacheka. Akasema oda ikifika jikoni inagawanyika, huyu wa kuchoma anachukua chake, wa kukaanga chake, wa mboga na sosi chake, na kila kitu kina muda wake, kuku wa kuchoma anataka muda mrefu, samaki wa kukaanga ni dakika chache tu. Kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja amesimama pale dirishani zinapotokea sahani, anayeijua meza nzima, anayesema kuku aanze sasa, samaki subiri kwanza, na sahani hazitoki mpaka zikamilike. Asipokuwepo huyo mtu kila mmoja anapika chake kwa mwendo wake, kinachoiva kinatoka, basi. Kwa hiyo ile siku sahani ya mama wala haikusahaulika kwa bahati mbaya, ni kwamba pale dirishani hakukuwa na mtu anayehesabu vichwa.

Na hili tatizo sio jipya wala sio gumu. Auguste Escoffier, mpishi wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1935, ndo anayesifiwa kwa kulipanga jiko kama kikosi, kila idara na mkubwa wake, wote chini ya mpishi mkuu. Jamaa mwenyewe alipitia jeshini, alikuwa mpishi wa jeshi kwenye vita ya Ufaransa na Prussia mwaka 1870, sasa ukishapikia wanajeshi naona meza ya watu 7 sio kitu. Yaani tunaongelea mtu ambaye hakuwa na kompyuta wala skrini ya oda, na sisi leo mhudumu anabonyeza tableti mbele yako na bado mama anakosa kuku.

Ila kusubiri kwenyewe sio kulikonimaliza, kilichonimaliza ni kusubiri bila kujua. Kuna mtaalamu anaitwa David Maister aliandika mwaka 1985 kuhusu mambo ya foleni na kusubiri, na kati ya aliyoyasema ni kwamba kusubiri usikojua mwisho wake unakuona kurefu kuliko kule ulikoambiwa ni dakika ngapi, na kwamba mtu aliyekaa bure anauona muda mrefu kuliko mwenye shughuli. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na mtoto mwenye njaa mezani hilo analijua bila kusomeshwa. Laiti yule kijana angekuja akasema mama samahani, kuku amekosewa, tunaanza upya, ni dakika 20, tungecheka, tungeagiza juisi nyingine, mtoto angepewa karatasi achore, wengine tungekula kidogo kidogo huku tunapiga stori. Badala yake tuliambiwa "sasa hivi". Hiyo sasa hivi ya mgahawani sijui inapimwa kwa saa gani. Inatoka sasa hivi, iko njiani, inamaliziwa tu, ipo kwenye sahani tayari. Kama ipo kwenye sahani tayari si uilete jamani!

Halafu tuje kwenye ubaridi. Dada aliamua kurudisha chakula chake kwa sababu wakati tunamsubiri mama kimekuwa baridi kabisa, kikaondoka, kikarudi baada ya dakika mbili pembeni kinaunguza ulimi katikati kama kimetoka kwenye friji. Maikrowevu hiyo, hata haijifichi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 mpaka kinapoliwa, na kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya masaa 2, kwa hiyo hapo wala hatudai anasa, tunadai kitu cha kawaida kabisa cha usalama. Chakula ambacho ndani yake ukigusa kijiko kinakuwa na ubaridi ule, mi nikifikiria kilikaa wapi na kwa muda gani ndo hamu yote inaisha.

Menyu nayo sitaki hata kuisema sana. Kitabu kizima, mapicha yanang'aa, unachagua unajipanga, mhudumu anaondoka, dakika 10 anarudi anasema hicho hatuna. Haya kile? Nacho hatuna. Sasa kaka si ungetuambia mlichonacho tukaokoa muda? (Kwangu menyu ya ukurasa mmoja ndo menyu ya kuaminika, lakini hilo nitaligombania siku nyingine.)

Baba alipandisha hasira kwa yule kijana, akataka kumgombeza pale pale mbele ya watu, na hapo ndo mimi na baba tulipotofautiana. Nilimwangalia yule mtoto wa watu, meza zote za upande ule ni zake peke yake, bethidei mbili, watu wengine wanapunga mkono, anabeba sahani nne kwa mpigo na jasho linamtoka, na siku nzima anapokea maneno ya kosa lililofanywa na mtu ambaye hata hayupo pale. Kuna mtu alikaa akapiga hesabu zake akaona wikiendi mhudumu mmoja anatosha upande huu, akabana hapo, faida ikabaki kwake, matusi yakabaki kwa kijana. Sisemi wahudumu wote ni malaika, wapo wenye dharau, wapo wanaokuangalia viatu kwanza ndo wanakupa menyu, wapo wanaochati na simu huku unaita mpaka sauti inakauka. Ila yule wa siku ile hapana. Yule alizidiwa, na ukizidiwa unaanza kusema uongo mdogo mdogo, "nakuja", "sasa hivi", ili tu mtu akuache upumue.

Ikaja bili. Samaki yumo, na kuku naye yumo. Yaani kuku ambaye mama hakumuona kwa macho tunamlipia na samaki tusiyemuagiza tunamlipia. Tukaanza upya maelezo, kijana akaenda, akarudi, akasema meneja ametoka, tusubiri. Kusubiri tena! Mtoto keshalala mezani kichwa kando ya chupa ya sosi. Mama akasema lipeni tu twende, mmeshanifurahisha, na alivyosema vile mimi nikajisikia vibaya kuliko muda wote uliopita.

Na hapo ndo nawashangaa wenye migahawa, kwa sababu pale mwishoni ndo palikuwa pa kuokolea kila kitu na kwa gharama ndogo kabisa. Kuna jaribio lile la mwaka 1993 la Daniel Kahneman na wenzake, huyu ndo yule aliyekuja kupata Nobel ya uchumi mwaka 2002. Walichukua watu wakawaambia watie mkono kwenye maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, basi, toa. Raundi nyingine sekunde 60 zile zile kwenye baridi ile ile, ila wakaongezewa sekunde 30 maji yanapashwa taratibu mpaka nyuzi 15, bado baridi ila afadhali kidogo. Wakaulizwa ipi wako tayari kuirudia, wengi wakachagua ile ndefu! Yaani wameteseka zaidi lakini kwa kuwa mwisho ulikuwa afadhali wakaikumbuka kwa uzuri. Sasa wewe mwenye mgahawa, umeshanichelewesha, umeshakosea oda, umeshapasha chakula nusu, bado una nyuzi moja ya kuniongezea. Toa yule samaki kwenye bili. Njoo mwenyewe mezani, mwite mama kwa heshima, sema tumekosea. Mama angesimulia mwezi mzima alivyoombwa radhi na bosi wa mgahawa, samaki angesahaulika. Ila sisi maji yetu yalizidi kuwa baridi mpaka mlangoni.

Njiani kwenye gari ndo midomo ikafunguka. Baba anachambua huduma, dada anachambua chakula, shemeji ambaye pale mezani alikausha kimya muda wote kumbe ana orodha yake ndefu kuliko yetu wote, kiti kinayumba, glasi ina alama ya rangi ya mdomo ya mtu mwingine, mimi nachambua bili. Tulichambua mpaka tunafika. Mama peke yake ndo aliyekuwa kimya, anaangalia dirishani, kafunga samaki wake kwenye foili mapajani maana hajui kuacha chakula.

Jumanne hasira hazijaisha, nikapiga simu pale nikaomba meneja. Nikapewa, na kusema kweli alikuwa mstaarabu kuliko nilivyotegemea. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, nikamwaga yote, sahani, kuku, maikrowevu, bili, mama. Nikamaliza, nikasikia anapekua kitu. Akasema samahani sana kaka, hela ya samaki tutarudisha, hilo halina shida, ila nisaidie kitu kimoja, hapa kijana aliniachia maelezo ya ile meza yenu. Anasema alikuja mara mbili kuwauliza chakula kikoje, mkamwambia kizuri.

Nikakaa kimya. Maana ni kweli alikuja. Mara ya kwanza alijibu dada, mara ya pili, mdomoni nina kuku wa baridi, nilijibu mimi.