Mrija wa sikio ukigoma kufumba, upasuaji uje lini?

Mwenye tatizo hili akisema neno, sauti yake humrudia kama ameingiza kichwa mtungini. Pumzi zake mwenyewe humvumia sikioni. Akilala au akiinama anapata nafuu, akisimama kelele zinaanza upya. Mrija wa Eustachi, unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua, hukaa umefumba na hufunguka kidogo tu tunapomeza au kupiga mwayo. Wake umebaki wazi.

Kizaazaa huanzia kwenye maelezo. Mgonjwa husema "sikio limeziba", anaandikiwa dawa ya kuzibua pua, na dawa hiyo huukausha mrija ukazidi kuachama.

Wasiotaka kisu wana hoja nzito. Wengi hupatwa baada ya kukonda ghafla, kwa sababu mafuta yanayousaidia mrija kufumba nayo hupungua. Wengine ni wajawazito, na baada ya kujifungua hali huisha. Kurudisha kilo chache, kunywa maji ya kutosha na kudondosha maji ya chumvi puani huwatosha wengi wao. Isitoshe, mrija umepakana na ateri ya karotidi inayopeleka damu kwenye ubongo. Miaka ya 1960 madaktari walianza kudunga uji wa Teflon, aina ya plastiki, kuuzunguka mrija. Ulipoingia kwenye ateri hiyo kwa bahati mbaya, madhara yalikuwa ya kutisha, na njia hiyo ikaachwa.

Lakini kumwambia mwalimu au kadhi anayeshinda akiongea "zoea tu" ni ukatili wa kistaarabu. Tena kuna wanaovuta pua kwa ndani mchana kutwa ili mrija ufumbe. Ukifanywa miaka mingi, mvuto huo huweza kukibonyeza kiwambo cha sikio ndani hadi kikaharibika. Hapo kusubiri nako kuna gharama.

Mimi ningeanza na kinachoweza kutenguliwa. Huko Japani, daktari Toshimitsu Kobayashi alibuni kizibo cha silikoni kinachopitishwa kwenye tundu dogo la kiwambo. Kikileta taabu kinatolewa, ingawa tundu lenyewe wakati mwingine hukataa kuziba. Dennis Poe wa Boston aliandika mwaka 2007 kuhusu kuujenga upya mdomo wa mrija kupitia puani, kwa gegedu au kijazio kingine; kazi nzuri, ila dalili huweza kurudi. Kuuziba kabisa ndiyo hatua ninayoiogopa: hewa haipiti, majimaji hujaa nyuma ya kiwambo, na mgonjwa anaishia kuwekewa kijibomba sikioni. Ameuza kelele, amenunua uziwi.

Na kabla ya yote, daktari atazame kiwambo mgonjwa akipumua kwa nguvu. Kikicheza na pumzi, mrija uko wazi kweli. Kisipocheza, ipigwe picha ya CT inayoonyesha mifupa ya sikio: mwaka 1998 Lloyd Minor na wenzake walieleza ugonjwa wa tundu kwenye mfupa wa sikio la ndani, nao humfanya mtu aisikie sauti yake vilevile. Huyo, hata mrija ukizibwa mara mbili, kelele zitabaki palepale.