Chuma cha ndani au vyuma vya nje?

Kwa miezi mitano mdogo wangu alivaa suruali moja tu, ile tuliyoifumua mshono wa pembeni ili vyuma vilivyotokeza kwenye muundi wake vipate pa kupita. Bodaboda ilimlalia, mfupa ukachomoza nje ya ngozi. Kila jioni aliweka mguu juu ya stuli, nami nikasafisha pale vyuma vinapoingilia, kimoja kimoja, huku amekunja uso. Kwa nini yeye kafungwa vyuma vya nje, na jirani yake wa wodini kawekewa chuma ndani ya mfupa? Hospitalini hakuna aliyetueleza.

Swali hilo kumbe lilishafanyiwa utafiti hapa hapa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Kuanzia Desemba 2015 hadi Machi 2017 waliandikishwa watu wazima 240 wenye majeraha kama la mdogo wangu, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka, waliofariki au kurudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya usaha, mfupa kutounga au kuunga vibaya walikuwa asilimia 18 kwa chuma cha ndani na karibu asilimia 22 kwa vyuma vya nje. Tofauti hiyo haitoshi kusema njia moja imeishinda nyingine. Ila wa chuma cha ndani walikuwa na nafuu zaidi katika wiki ya 6, na mifupa yao ilinyooka vizuri zaidi.

Mimi niliposoma nilishusha pumzi. Mdogo wangu hakuwa ametupwa.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba 221 kati ya wale 240 walifuatiliwa mwaka mzima. Anayejua majeruhi wetu, wanavyobadilisha laini na kurudi kijijini kuuguzwa na mama zao, ataelewa ni kazi kiasi gani. Nauli ya kurudi kliniki na mtu wa kupiga simu vina uzito sawa na kisu cha daktari.

Sasa naomba utafiti unaofuata uingie hospitali za mikoa, ambako kidonda husubiri saa nyingi kabla ya kuoshwa. Na kipimo kikuu kiwe kile alichouliza mdogo wangu kila kliniki: "Dokta, lini nitaanza tena kupeleka hesabu kwa tajiri?"