Ongeza Simiti, Ongeza Nondo, Nyumba Bado Inazama

Jumapili nilikuwa kwa shemeji Nakuru, akanionyesha ufa wa ukuta wa jikoni. Vidole vyangu viliingia vyote. Nyumba haijamaliza miaka miwili! Fundi wake ameshatoa dawa: plasta. Hongera, fundi.

Jirani naye akaleta ile hadithi ya "Afrika inapasuka". Tangu Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu–Narok ilipokatika pale Suswa, kila ufa wa Bonde la Ufa unabebeshwa bara zima. Haya, bara linaachana kweli, milimita chache kwa mwaka. Lakini wanajiolojia wengi walieleza lile shimo kwa jambo lisilo na utukufu wowote: mvua iliosha jivu la volkano lililojaa humo chini.

Jivu hilohilo ndilo tunalojengea. Kiangazi ni gumu, mtaro wa msingi unasimama wima, fundi anakusifia ploti. Kumbe chembe zimeshikana kwa gundi hafifu tu, katikati matundu. Maji yakipenya huku mzigo wa nyumba uko juu, gundi inalegea, chembe zinaangukiana, msingi unafuata. Nenda kaangalie ufa wa shemeji: uko kona ileile gata inapomwaga maji ya paa. Alinunua nondo kama anajenga daraja, akazilaza juu ya matundu.

Udongo kama huo uangushe wewe kabla haujakuangusha. Fukua, kisha urudishe tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hivi kila moja, ukinyunyizia maji mpaka konzi moja ikifinywa ishikane bila kuchuruzika. Shindilia kwa mashine, ndipo umwage tabaka jingine. Fundi akimwaga nusu mita kwa mkupuo halafu akakanyagakanyaga kwa gambuti, mlipe siku yake aende. Udongo ukiwa dhaifu mno, changanya simiti kidogo humohumo ardhini. Chokaa inafaa zaidi ule udongo mweusi unaonata. Maji ya paa na ya choo yapelekwe mbali na msingi, na hilo halihitaji injinia.

Gharama ipo, sikatai. Kukodi kompakta kunauma, hasa pesa ikizikwa mahali ambapo mgeni hataiona. Shemeji nilipomtajia bei alicheka. Vigae vya sebuleni vilimla zaidi ya hapo, na sasa ukivikanyaga vinalia.